Maji ya Mtungi Ambayo Mama Hakuyanywa

Nairobi,
Jumapili asubuhi

Dada yangu mpendwa Asumini,

Ninakuandikia ili nikwambie ukweli kuhusu nilichokuwa nikifanya saa ile uliponipigia simu, siku mama alipofariki. Sikuwa kwenye mkutano. Nimeliweka neno hili juu kabisa ya karatasi, mbele hata ya salamu, kwa sababu mara mbili nimeianza barua hii kwa salamu, na mara zote mbili salamu zikanipa mahali pa kujificha.

Sasa pokea salamu zangu. Shikamoo, dada. Natumaini kifua chako kimetulia na kwamba hulazimiki tena kulala umeegemea mito. Je, baba hajambo? Bado anaondoka alfajiri kwenda kwenye mikorosho yake kule Naliendele, au amekubali kupumzika angalau Ijumaa? Mimi afya yangu ni njema. Nasema hivyo kwa maana ya mwili tu.

Unajua kwamba niliajiriwa hapa kwa majaribio, katika kampuni inayobuni vinywaji vya hoteli, na kwamba shahada yangu ya Sayansi ya Chakula ndiyo iliyonifungulia mlango huo. Jambo ambalo sikukueleza ni jinsi nilivyokuwa na hofu ya kurudishwa nyumbani. Tulikuwa wanne kwenye majaribio, nafasi ya kudumu ilikuwa moja, na wenzangu watatu walikuwa wenyeji wa mji huu, wanaojua kucheka pale panapotakiwa kicheko. Nikawaza kwamba nisipoonyesha kitu ambacho hawajapata kukiona, nitasahaulika.

Watu wa hapa wenye uwezo wana desturi ya kukusanyika Jumapili kwa mlo wa saa nne au saa tano, chai imekwisha na chakula cha mchana hakijafika. Wanauita branchi. Kwenye mlo huo hunywa kokteli ambazo si tamu. Huwa na nyanya, chumvi, ndimu na pilipili, na siku hizi wanapenda ziwe na harufu ya moshi. Kipo kifaa cha kufanyia kazi hiyo nyumbani, ukubwa wake kama tochi. Unaweka vipande vidogo vya mbao katika tundu lake, unawasha, na mpira mwembamba unapeleka moshi ndani ya jagi la kioo. Unafunika, unasubiri, kisha unamimina.

Nilikinunua. Najua swali lako la kwanza, nami nakujibu kabla hujaliuliza: sikutia pombe. Niliandaa vinywaji vya nyanya na ukwaju vitupu; waliotaka kuongeza vyao waliongeza wenyewe, na mimi sikuwazuia. Kama hilo nalo ni kosa, liandike pamoja na mengine.

Kwa wiki tatu nilijaribu humu chumbani mwangu bila kufanikiwa. Moshi ulikaa juu ya kinywaji kama kofia, ukipuliza unaondoka, na kilichobaki kilikuwa kichungu. Nilisoma vitabu vyangu vya chuo, nikapima joto, nikaandika majedwali. Kisha asubuhi moja, nikiwa nasuuza jagi, nikaikumbuka sauti ya mama uani kwetu Chuno: "Wee Somoe, mtungi uwe na unyevu, usiwe na maji! Moshi hauogelei."

Wewe hukuwahi kufundishwa kufukiza maji, dada, na sababu unaijua. Kwa ajili ya pumu yako mama hakukuruhusu hata kupita karibu na chetezo cha ubani. Alikuwa akikupeleka kwa jirani kila Alhamisi alasiri, kisha ananiita mimi. Alisema kwao, upande wa Msimbati, si mbali na mdomo wa Ruvuma, maji ya visima yana chumvi, na bibi zake waliyafukiza ili mgeni asikunje uso. Sisi Chuno tulikuwa na maji ya bomba yasiyo na chumvi hata chembe, lakini aliendelea kuyafukiza, kwa kuwa aliyaona maji yasiyo na moshi kama mboga isiyoungwa.

Nilikuwa na miaka tisa aliponishikisha mtungi mara ya kwanza. Unasuuza, unamwaga, unaacha ule ubaridi tu. Kifuu cha nazi kinawaka hadi kinakuwa kaa jekundu, ndipo chembe ya ubani inawekwa juu yake, moja, isizidi. Mtungi unafudikizwa juu ya chetezo, na hapo unasoma Kulhuwallahu mara saba, bila haraka. Ukisoma tano, moshi haujashika. Ukisoma kumi, umeunguza. Baada ya hapo unaziba mdomo wa mtungi kwa kiganja, unaugeuza, na maji yanaingia moshi ungali ndani. Nilipopenda kazi ile kupita kiasi alinicheka: "Haya, mke wa mpishi wa shughuli! Toa pua humo, utaolewa unanuka kifuu."

Basi niliacha majedwali. Nililinyevusha jagi, nikalifudikiza juu ya moshi likiwa tupu, nikasoma saba. Nilipomimina kile kinywaji, moshi ulikuwa umeingia ndani yake. Nilionja nikiwa nimesimama, dada: ilikuwa ladha ya Alhamisi nyumbani. Ilinipasa kumpigia mama wakati uleule. Nilimpigia Bi. Njeri, mkuu wa kitengo chetu, kumwalika branchi kwangu Jumapili.

Walikuja wanane. Nilikuwa nimepanga bilauri, nimepaka midomo yake chumvi na unga wa kamba wakavu, na nimeazima viti kwa jirani. Bi. Njeri alionja, akafumba macho.

"Haki, Somoe, umetupa nini hapa?"

Mume wake akachungulia bilauri yake. "Lakini niambieni, hii ni supu ama ni juisi?"

"Wewe kunywa kwanza, maswali baadaye," akamjibu, na watu wakacheka. Kisha akanigeukia. "Na huu moshi umeingiaje ndani hivi? Umefunzwa wapi? Ni mambo ya kwenu Mtwara?"

Nikasema, "Hapana. Nimebuni mwenyewe, kwa majaribio."

Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi tangu siku ile, nikitafuta kama yapo mazingira ambayo yangeweza kuyafanya yawe ya kweli. Hayapo. Niliona aibu kumtaja mwanamke asiye na cheti mbele ya watu wale. Sikuona aibu kumwibia.

Simu ililia nikiwa bado nimesimama na jagi mkononi. Ilikuwa saa tano na robo. Ulisema, nami nilisikia kila neno, "Somoe, mama anataka maji yake. Yale ya moshi. Tangu jana anakataa mengine. Niambie, unaanzaje?"

Nikakujibu, "Dada, niko kwenye mkutano. Nipe dakika kumi, nitakupigia."

Nilipokata, mume wa Bi. Njeri aliinua bilauri yake. "Mkutano! Basi mwenyekiti, tuongezee ajenda!" Wote wakacheka. Nami nilicheka, dada. Kisha nikaigeuza simu, uso chini, juu ya meza. Ukapiga tena mara mbili. Niliiona meza ikitetemeka.

Sitakwambia kwamba sikuelewa. Nilijua mama ni mgonjwa, na nilijua ulichouliza kingejibiwa kwa maneno machache kuliko niliyotumia kumsifia mgeni mmoja viatu vyake. Nilijiambia tu kwamba maji ni maji, atakunywa, na kwamba nikitoka mezani wakati ule nitakosa kile nilichokuwa karibu kukipata.

Nilikupigia saa tisa. Ulisema, "Mama ametangulia, Somoe. Tangu adhuhuri. Maji hakuyanywa." Na mimi nilipopata pumzi, neno la kwanza lililonitoka lilikuwa lile lile la mkutano. Ukanifariji! Ukaniambia, "Kazi ni kazi, mdogo wangu. Mama alikuwa akijua." Nasikia hata msibani uliwaambia watu kwamba Somoe alikuwa na mkutano mkubwa na wakubwa wa kazini. Nilikuachia uongo wangu, ukaubeba mbele ya majirani kama kitu cha heshima.

Lipo na la pili. Nilikwambia kwamba nilinyimwa ruhusa ya kuja. Sikuiomba. Niliogopa kuingia uani na kuukuta ule mtungi.

Wiki moja baada ya maziko ulinisimulia ulivyojaribu peke yako. Uliujaza mtungi maji kwanza, ukawasha ubani pembeni yake, moshi ukatanda chumba kizima, nawe ukakohoa hadi shangazi Sharifa akakutoa nje kwa nguvu. Uliporudi ulimnywesha mama kwa kijiko. Alionja, akaugeuzia ukuta uso, akauliza, "Haya ya nani?" Ulinisimulia hayo kama mtu anayeungama kwamba ameshindwa. Nilisema tu "pole, dada", na nilikuwa najua kwamba wewe, mwenye kifua kile, uliingia kwenye moshi kwa ajili yake, na mimi niliyefundishwa nilikuwa nikiwafukizia wageni.

Nafasi niliipata. Barua ya ajira ya kudumu ilikuja mwezi uliofuata, na kinywaji kile kimo katika orodha yetu. Juzi Bi. Njeri alinitaka niandike maelezo mafupi ya asili yake, kwa ajili ya wateja. Nilikaa na karatasi tupu siku nzima. Jana niliingia ofisini kwake nikamwambia kwamba sikubuni chochote, kwamba ni kazi ya mama yangu na bibi zake, na kwamba mama alifariki siku ile ile wao walipokuwa kwangu. Kisha akauliza, "Ile simu?" Nikasema, "Ndiyo." Alisimama akafunga mlango ili watu wasinione. Nikamwomba ruhusa, ile ambayo ilinipasa kuiomba miezi minne iliyopita, na amenipa siku kumi. Nimemwomba pia kinywaji kile kisiandikwe jina langu. Hilo hajalijibu.

Kile kifaa sijakigusa tangu Jumapili ile. Lakini nilinunua nazi sokoni, nikakausha kifuu dirishani, na asubuhi moja nikafukiza sufuria kwa kuwa sina mtungi. Nilisoma saba. Maji yale hayakuwa ya mama, ila yalikuwa yanamjua. Nilikunywa nusu bilauri. Yaliyobaki sikuweza, nikakaa na bilauri mapajani hadi jua likahama dirishani.

Sikuombi unisamehe kwa barua, dada. Naomba tu usinizuie kuja. Ukiona huwezi kuniona, nitumie neno moja kwa simu nami nitafikia kwa shangazi Sharifa kule Ufukoni, nimzuru mama kaburini, kisha nirudi. Usipotuma neno, nitakuja nyumbani. Barua hii naipiga picha na kukutumia kwa simu leo hii, ili ikufikie mapema. Barua hii usimsomee baba. Yanayomhusu nitamwambia mwenyewe, nikiwa nimekaa chini mbele yake, si kwa mdomo wako.

Kwenye ujumbe wako wa mwisho ulisema hitma ya mama itasomwa Jumamosi ijayo na kwamba mmeagiza maji ya chupa, kwa sababu mtungi upo lakini hakuna anayeujua. Naomba agizo hilo lisitishwe. Utoe mtungi juani kuanzia Alhamisi. Mtu asiuoshe kwa sabuni, hata akitaka kukusaidia. Udongo hunywa sabuni na hausahau. Weka akiba vifuu viwili vya nazi iliyokomaa. Ubani nitakuja nao.

Nisalimie baba kwa heshima zote. Msalimie shangazi Sharifa, aliyekutoa kwenye moshi siku ile. Mwambie namshukuru, sababu atanisikia nikifika. Msalimie shemeji, mume wako, ambaye nasikia ndiye aliyelishika jeneza upande wa kichwa, mahali ambapo mama hakuwa na mtoto wa kiume wa kusimama. Na jirani yetu mama Hadija, aliyekuwa akikupokea kila Alhamisi, mwambie hatalazimika kukupokea safari hii. Utakaa upande unakotoka upepo, mbali na chetezo, nawe ndiye utakayesoma zile saba kwa sauti, ili nami nijue wakati wa kuugeuza mtungi. Nataka uzijue. Zisibaki kwangu peke yangu tena.

Basi la kutoka Dar es Salaam litanifikisha Ijumaa jioni. Wasomaji wa hitma wanakuja saa tatu. Tukutane uani, penye mtungi, mimi na wewe tu, Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

Mdogo wako,
Somoe