Kidonda Kwenye Mdomo wa Tahiri

Mwera, Pangani

Kwa shemeji yangu Sabiri,

Assalamu aleikum. Nakuandikia kwa mkono wangu, sikumpa mtu aniandikie, kalamu haijanishinda mimi. Hamjambo huko Maramba? Mahindi yameitika? Mimi mzima, nguvu zangu unazijua, ila kinywa ndicho kinanitesa.

Vidonda vyenyewe si vigeni. Vidogo, vya duara, katikati vyeupe, pembeni vyekundu, ndimu ikigusa naruka. Siku kumi vinapona, mwezi wa pili vimerudi. Mwingine angelia. Mimi nala pilipili vivyo hivyo.

Sasa yuko jirani, Tahiri, mgane mwenye meno yote. Kila asubuhi yuko barazani kwetu kununua tambuu kwa dada yako. Mastura anamkunjia jani, anamtia popoo na chokaa, na kicheko juu. Mimi mumewe natiwa chokaa tu. Juzijuzi namwona Tahiri ana kidonda mdomoni, sura ileile ya changu. Nikasema basi, changu kimepita kwa Mastura kikamfikia yeye.

Nikaenda zahanati kutafuta ushahidi. Daktari binti mdogo, Najat, akaniamkia vizuri, akachungulia. Akasema vidonda hivi haviambukizi, hata mkinywea kikombe kimoja. Akauliza kama marehemu baba alikuwa navyo, nikamwambia alikuwa navyo kuliko mtu yeyote Mwera. Akasema ndiyo hivyo, vingine ni vya ukoo, tena uchovu, kujing'ata, damu kupungua na mawazo huviamsha. Kikipita wiki tatu hakijapona nirudi. Nikamuuliza habari ya mla tambuu, bila jina, akasema chokaa peke yake yatosha kumchubua mtu. Akauliza nina mawazo? Nikasema sina. Nilidanganya.

Shemeji, Mastura kawaambia amekuja kuwasaidia kuvuna. Kanisitiri. Kabla sijaenda zahanati nilimwamuru afungue kinywa mbele ya wateja, Tahiri akiwemo, nikammulika kwa tochi ya simu. Kinywa kisafi. Nikasema kashapona huyu. Akafunga kinywa, akafunga mzigo, akaondoka.

Nimekosa. Sijapata kumwandikia mtu neno hilo tangu nizaliwe. Msomee dada yako, umwombe arudi.

Wiki hii anayekuja Maramba ni mmoja tu, Tahiri, anafuata machungwa. Barua nimempa yeye, nimeibana kwa gundi. Mpeni maji ya kunywa, na Mastura akae ndani mpaka aondoke.

Nisalimie wakubwa kwa wadogo hapo nyumbani.

Ni mimi shemeji yako,
Hatibu