Hata Pengwini Hulisha Mtoto Kwanza

Mama Nekesa,

Jumapili ulipiga simu, na mimi nikanyamaza mpaka ukakata. Ukaita "halo, halo" kama mtu anayetafuta ng'ombe kwenye ukungu. Mtandao haukuwa na shida. Ni maneno yalinijaa mdomoni yote kwa pamoja, yakakosa pa kutokea. Sasa yametulia kidogo, kwa hivyo kaa chini unisikize.

Unakumbuka ile jioni ulitoka shuleni ukicheka peke yako? Ulikuwa bado unafundisha kwa kibarua pale shule ya msingi, na siku hiyo watoto walikuwa wameonyeshwa filamu ya pengwini. Nekesa alikuwa hajaanza kutambaa. Mimi nilikuwa nje napukuchua mahindi. Ukachukua gunzi moja, ukaliweka juu ya miguu yangu, ukaniamuru nitembee nalo hadi jikoni bila kuliangusha.

"Hilo ni yai," ukasema. "Likigusa barafu tu, kwisha."

Halafu ukanieleza. Ati huko ncha ya kusini ya dunia, baridi ikianza na ndege wengine wakikimbia, pengwini wale wakubwa ndio kwanza wanatoka baharini na kutembea juu ya barafu mwendo wa siku nyingi hadi mahali pao pa kuzalia. Mama anataga yai moja, anamkabidhi mume, kisha anarudi baharini kutafuta chakula. Baba anabaki nalo juu ya miguu, amelifunika na mkunjo wa tumbo lake. Hali kitu. Upepo unapiga, jua halitoki kabisa, na wanaume wote wamebanana pamoja, wa nje wakiingia katikati kwa zamu ili wapate joto. Mama naye anapiga mbizi chini ya barafu, anakula samaki na uduvi mpaka tumbo linajaa, kisha anaitembea ile safari yote tena. Kati ya maelfu ya ndege waliofanana, anamtambua mumewe kwa sauti. Akikuta yai limeshaanguliwa, anamtapikia mtoto chakula. Ndipo baba anaenda baharini, maana ni zamu yake.

Nikasema, "Huyo mwanamke ana roho." Ukanicheka. "Na mwanaume je? Hajakula, bana!"

Kumbe hukuwa unanipigia hadithi ya ndege. Haukupita muda ukaniambia umepata kazi ya nyumba Uarabuni. "Wewe shika yai," ukasema. Miaka miwili tu. Ukirudi itakuwa zamu yangu, niende Bungoma mjini nikasomee ufundi wa umeme, ile ndoto yangu uliyoijua kuliko mtu yeyote. Nilikubali, Mama Nekesa. Nilikuamini kabisa.

Na nikalishika. Nilimbeba Nekesa mgongoni hadi posho mill kusaga unga, hadi shambani, hadi kliniki, ambako mimi peke yangu ndiye niliyevaa suruali kwenye foleni. Vijana pale senta walikuwa wananiita wakiniona: "Baba Nekesa, utaanza kunyonyesha lini?" Hapa Tongaren mwanaume akifunga mtoto mgongoni na leso, kijiji kizima kinapata la kuongea. Mama yangu alipokuja akaniuliza kama nimerogwa. Nikamweleza habari za pengwini, mwanzo hadi mwisho. Akasikiliza vizuri, kisha akauliza, "Kwani hao ndege wako hawana nyanya?" Akanifungua leso, akamchukua mtoto, akaniambia niende nikapalilie.

Nekesa alikujua kwa sauti tu. Simu yangu ni hii ya vibonyezo, haina picha. Kila Jumapili baada ya kanisa alikuwa anakaa nayo ameishika na mikono miwili, ikilia tu anaruka. "Niaje, yai langu?" Hilo ndilo jina ulilompa. Ukimwita Nekesa haitiki vizuri, ukimwita yai langu anacheka mpaka anapaliwa. Mimi nikichukua simu nauliza unarudi lini. "Bado barafu, Baba Nekesa. Mkataba umeongezwa." Sawa, nikasema, barafu ni barafu.

Wacha nikuambie nilivyokuwa mjinga. Simu zako zilikuwa zinaingia bila namba, nikadhani ndivyo simu za Uarabuni huja. Siku moja nikasikia jogoo akiwika huko kwako. Nikajiambia, kwani Waarabu hawali kuku? Siku nyingine nikasikia mvua ikipiga mabati hata wewe ukalazimika kupaza sauti, na mimi nimesimama mlangoni naangalia mawingu meusi upande wa Kitale. Nikasema Mungu ni mkubwa, hata jangwani ananyesha.

Shule zilipokuwa karibu kufunguliwa nilimpeleka Nekesa Kitale kununua viatu. Anaingia Gredi ya Kwanza, huyo mtoto uliyemwacha bila meno. Tulipata vyeusi vya kamba, akakataa kuvivua. Tukawa tunapita pale wanapouza mapazia, na nikasikia sauti yako kabla sijakuona. Ulikuwa unabishana na muuzaji. "Si unipunguzie bana, mimi ni kastoma wako wa kila siku."

Wa kila siku! Nikasimama. Nikajiambia ni watu tu wamefanana sauti. Ndipo ukageuka ukaita, "Njoo hapa, yai langu."

Kulikuwa na mtoto mdogo amejificha kwenye mapazia, anachungulia. Ulikuwa unamwita yeye. Lakini Nekesa hakumwona. Alisikia sauti ya Jumapili, na akasikia jina lake. Akachomoka mkononi mwangu na viatu vyake vipya. "Mama! Mimi niko hapa!" Akakushika sketi.

Ukamtazama. Ukamwuliza muuzaji, "Huyu ni wa nani?"

Labda kweli hukumjua. Hilo nakupa. Lakini uliinua macho ukaniona mimi, na nikaona umejua. Ukambeba yule mdogo, ukaacha mapazia juu ya meza, ukaenda. Muuzaji akabaki anaita, "Kastoma! Kwani hutaki tena?" Nilimwuliza kama anakufahamu. Akasema unakaa hapo karibu na bwanako, tangu urudi kutoka Uarabuni, na kwamba nyinyi ni watu wazuri.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yako ilikuwa Tongaren hadi Kitale. Asubuhi unaenda, mchana umerudi. Mimi nilikuwa nakuombea safari njema ya baharini, na wewe uko hapo tu, unachagua rangi ya mapazia.

Nina hasira, Mama Nekesa. Ungeniambia umepata mwingine, ningelia, ningevunja sufuria mbili tatu, wazee wangeitwa, yangeisha. Watu huachana. Nilimwuliza mwalimu aliyechukua nafasi yako kama ni kweli yale ya pengwini. Akasema ni kweli, lakini mwaka ukiisha wengi wao hawarudiani, kila mmoja hutafuta mwenzi mpya. Hiyo sehemu uliiruka! Lakini hata huyo pengwini anayekwenda kwa mwingine, kwanza anarudi na chakula, anamlisha mtoto, anamwachilia mume. Wewe uliruka hata hiyo. Na yule mdogo sina neno naye, hana kosa. Ila kumpa jina la mwenzake, huku mwenzake bado analiitikia kila Jumapili, hapo ndipo uliponiua.

Mwalimu aliniambia na lingine. Ati mama asiporudi, baba akizidiwa na njaa huliacha yai na kwenda zake baharini, asije akafa. Nikamwambia basi mimi si ndege. Siendi popote. Huo ufundi wa umeme watasoma wengine.

Siku ile ya Kitale tulipofika stendi, ndipo Nekesa akaniuliza, "Baba, yule si Mama?" Nikamwambia hapana, yule ni mama tu ananunua mapazia. Mtoto wangu nilikuwa sijawahi kumdanganya hata siku moja. Ulinifundisha wewe, kwa dakika moja. Hakuuliza tena. Aliangalia viatu vyake njia nzima.

Kisha Jumapili ukapiga, kama kawaida, kana kwamba hakuna kilichotokea. Ni yeye aliyepokea, na mikono miwili kama siku zote. Nilisikia ukisema, "Niaje, yai langu?" Alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akaifunika simu na kiganja, akaniletea.

"Baba," akaninong'oneza, "ni yule mama wa mapazia. Amekosea namba."

Ndiyo maana nilinyamaza. Sikutakii mabaya. Usipige tena Jumapili. Ukiwa na la kusema, njia ya Tongaren unaijua, njoo mchana uliseme mbele ya Nekesa. Mpaka hapo, kaa salama huko kwenye barafu yako.

Ni mimi uliyeniachia yai,
Baba Nekesa