Visima Thelathini na Kimoja

Baba,

Mimi ndiye niliyekufuta. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda mtu anayeanzia habari mbali. Nimeshakuja kaburini mara tatu kukuambia, na mara zote tatu nimesimama kwenye theluji nikalia, nikasoma Fatiha, nikarudi kwenye gari bila kulitaja jambo lenyewe. Kwa hiyo naandika.

Unazikumbuka Jumamosi zangu za maktaba, hapa Malvern ugenini, ulipokuja kuishi nasi. Nilikuwa nakuamsha, unavaa koti lako zito na ile kofia ya sufu iliyokubana masikio, tunatembea. Mimi nasimama mbele na kompyuta, nawafundisha watu kuchora ramani ya dunia iliyoko mtandaoni, ile ambayo kila mtu anaruhusiwa kuongeza njia na nyumba na shule za kwao. Wewe unakaa nyuma karibu na mashine ya kupasha joto na kikombe chako cha chai. Nilidhani unafuata joto.

Mungu wangu, jinsi nilivyowabembeleza wale watu! Wanafunzi, akina mama wa kanisani, yule kijana wa Nairobi aliyekuwa akicheka, "Sasa mimi nitachora nini, msee?" Wote niliwaambia maneno yaleyale: karibuni, huhitaji kusomea, unajua kwenu kuliko picha ya setilaiti, na ukikosea usiogope, tutarekebisha pamoja. Nilikuwa nayasema vizuri hasa. Watu walirudi nyumbani wamechangamka.

Wewe ulisikia hotuba ile labda mara ishirini. Sikuwahi kukugeukia nikasema, "Na wewe Baba, njoo ukae hapa." Mtu aliyezunguka Kondoa yote kwa baiskeli miaka na miaka akitengeneza pampu za visima, anayejua ni bonde gani lina maji na lipi linadanganya, nilimwachia chai.

Basi ukajikaribisha mwenyewe. Binti yangu Rehema ameniambia yote sasa. Nilimkalisha kitandani nikamuuliza, akanijibu kwa Kiingereza kama kawaida yake huku machozi yanamtoka, kwamba ulimwapisha asiseme. Kwamba alikufungulia akaunti kwenye tableti yako, jina la herufi na tarakimu alizozitunga harakaharaka. Kwamba kila akitoka shule mlikuwa mnakaa mezani, wewe unasogeza picha ya Kondoa kwa kidole, unasimama, unafumba macho, unasogeza tena, halafu unamwambia, "Hapa. Andika." Mjukuu wako asiyetaka kutamka hata "shikamoo" mbele ya wenzake ameandika majina thelathini na moja ya Kirangi na Kiswahili bila kukosea. Mlichukua wiki tatu. Mlitaka kunishtukiza.

Na mimi nilikuwa nimejipa ulinzi wa Kondoa. Hakuna aliyenituma. Nilikuwa napitia kila kilichoongezwa kule, nasafisha, najiona mlinzi wa lango. Jumapili moja asubuhi, kabla sijashuka kufua, nikaona mgeni amemwaga nukta mashambani, kila moja ina jina la mtu na basi. Mwasiti. Salimu Fundi. Bi Nuru. Hakuna maelezo mengine. Wapo watu wanaoingia kuchezea ramani, wanaandika majina ya wapenzi wao baharini, nimewafuta wengi. Sikusoma hata nusu. Nikazikusanya zote kwa mkupuo, nikafuta, nikamwandikia huyo mgeni kwa Kiingereza changu cha ofisini: usiweke majina ya watu, huu si uwanja wa michezo, nimeondoa kila kitu. Nikashuka na kapu la nguo. Nilijisikia vizuri, Baba. Hilo ndilo linaloniuma kupita yote.

Ujumbe ule ulimpa Rehema akusomee. Hebu fikiria, mtoto wa miaka kumi na tatu anamtafsiria babu yake matusi ya mama yake, na chini pana jina langu, Zaina Kondoa, kama ninavyojiita mle.

Siku ileile jioni tulikula ugali na mlenda, ule mkavu uliokuja nao kwenye sanduku. Nilikuwa nakula huku natazama simu. Ukasema, "Hivi Zaina, mtu mgeni akikosea kwenye hiyo ramani yenu, mnamfanyaje?"

"Tunafuta, Baba. Wengine wanakuja kuchezea tu."

"Hamumuulizi kwanza?"

"Tukimuuliza kila mtu tutamaliza lini?"

"Haya," ukasema. Ukanawa mikono, ukamsifu Rehema kwa ugali ambao hata hakuupika yeye. Sikuona kitu. Nilidhani ni maneno ya mezani.

Baada ya hapo hukuja tena maktaba. Ulisema magoti. Nikakuamini, maana ilinirahisishia. Peke yangu nilikuwa natembea haraka. Majira ya baridi yalipokaza ukaanguka bafuni, ukakaa hospitali siku sita bila kusema neno, na nilipokuwa nimekushika mkono nikiomba useme chochote, kumbe ulishajaribu kusema na nikakukatisha mimi mwenyewe.

Arobaini yako ilipopita nilichaji tableti ili nitafute picha zako. Kwenye barua pepe nikakuta barua uliyoianza kuniandikia siku ileile ya Jumapili na hukuituma. Nimeisoma hadi naijua kwa moyo.

"Zaina mwanangu, asalaam aleikum. Nimeona jina lako hapa nikafurahi kwamba kazi yako naiona. Hao si watu, ni visima. Kila kisima kwetu kinaitwa kwa mwenye shamba. Vyote nimevitengeneza mimi. Sikuja kucheza. Nionyeshe nilipokosea, nitarekebisha. Ila ngoja nikuulize kwanza tukila."

Ukaniuliza. Tukila.

Sasa nikupe habari za huku. Ramani ile haipotezi kitu, Baba. Kinachofutwa kinabaki kwenye historia yake, nami nilikwenda kuvitoa huko kimoja kimoja. Sikuvirudisha hivyohivyo. Nilimtumia Baba mdogo Hamisi kule Kondoa picha, naye akachukua simu na fimbo akaenda kuvitazama, wiki mbili nzima, ananitumia ujumbe wa sauti huku anahema. "Hiki cha Bi Nuru kipo, kimekauka lakini kipo." "Hiki cha Salimu wanachota mpaka leo, kaka alikosea hatua chache tu, mwambie..." Ujumbe ukaishia hapo. Alikuwa amesahau kwamba hatuna wa kumwambia. Amevitambua ishirini na saba, na hivyo vimesharudi, safari hii kila kimoja kimeandikwa ni kisima na pampu yake inafanya kazi au la. Watu wa maji wa wilaya wameshaanza kuuliza ni nani aliyevijua vyote hivi. Nimewaandikia jina lako kamili.

Vinne hakuna anayevijua. Baba mdogo amefika, amekuta vichaka na mchanga, ameuliza, wazee waliobaki wanatikisa kichwa. Nilikuwa na mtu mmoja duniani wa kumuuliza, anakula mezani kwangu kila siku.

Maktaba nilikaa miezi miwili bila kwenda. Nilipoanza tena, Rehema akaja bila kuitwa, akakaa kwenye kiti chako karibu na joto. Majuzi amekuja mama mmoja wa Kikongo, mtu mzima, akajaza soko la Bukavu majina ya wanawake tu. Mkono wangu ulishafika kwenye kitufe, Baba, nakwambia ukweli, ulishafika. Nikauvuta. Nikahamisha kiti nikakaa naye, nikamuuliza, "Mama, hawa ni akina nani?" Akaniambia ni meza zao, huyu anauza samaki, huyu unga wa muhogo, na huyu wa pembeni ni dada yake. Tulikaa saa nzima. Sikuweza kuwafundisha wengine siku ile.

Na lipo la mwisho, nililikwepa tangu mwanzo. Kati ya vile vinne kimoja ulikiandika "Kwa Zaina." Nilifuta jina langu mwenyewe na sikuliona. Nilipokuwa mdogo uliwahi kunisimulia kwamba uliniita jina la mama mmoja aliyekupa maji na mahali pa kulala ulipougua njiani, ungali kijana na baiskeli ya serikali. Sikukuuliza alikuwa nani wala kwake ni wapi. Nilikuwa na haraka, sijui ya kwenda wapi.

Tiketi nimeshakata, nakwenda na Rehema shule zikifungwa. Amenihakikishia atasema shikamoo. Tutakwenda kwa miguu mpaka kwenye ile nukta, na tutapiga hodi nyumba kwa nyumba mpaka apatikane mtu anayemkumbuka mama huyo. Asipopatikana, sitaifuta. Nitakaa pale kidogo, halafu nitaandika kwamba fundi wa pampu za visima alipita hapa akapewa maji.

Pumzika Baba. Mungu akuweke pema.

Mwanao ambaye hakuuliza kwanza,
Zaina