Anayefanana na Mwende

Jumatatu, 3 Machi

Uji umeungua tena. Nimemwekea Wafula kikombe mezani nikarudi nyuma. Amenusa kwanza. Tangu aanguke kutoka kwenye paa hapa mtaani Gatwekera, akiwapigia watu mabati, mbavu zimepona, mguu umepona. Kichwa ndicho kinakataa. Kinasema mimi si mke wake.

Anakubali uso ni wa Mwende. Alama ya kidevuni anaiona, pengo la meno analiona. Kisha ananiuliza kwa adabu mke wake yuko wapi. Adabu hiyo ndiyo inaniua. Heri angenitukana.

Nimeenda soko la Toi nikauza nguo za watoto bila kubishania bei. Wateja wamefurahi sana.

Jumanne, 4 Machi

Nimempigia kutoka sokoni kumkumbusha dawa. Alivyosikia sauti yangu tu, akalia.

"Mwende! Umepotelea wapi? Kuna mama amekuja hapa kwa nyumba, anakufanana vibaya sana. Kuja haraka."

Niliacha nguo kwa jirani nikakimbia. Furaha gani hiyo. Nikafungua mlango nikihema. Akaniangalia, akaninong'oneza nitoke mapema, mwenye nyumba, mke wake, yuko njiani.

Nimekaa juu ya mtungi wa maji nje nikalia mpaka majirani wakapunguza redio.

Alhamisi, 6 Machi

Hospitali. Daktari ni kijana, mpole, ana subira. Ameweka picha ya ubongo wa Wafula kwenye mwanga. Kijivu. Upande wa kulia kuna mahali peusi, padogo. Hapo ndipo palipoumia.

Amesema ugonjwa una jina la Kifaransa. Nimeshindwa kulitamka. Amenieleza hivi: macho yakiona uso wa mtu wako, njia moja inasema huyu ni fulani, nyingine inaleta ule moto wa kumpenda. Wafula anaona uso, moto hauji. Basi akili yake inajitetea, inasema huyu ni wa kuigiza. Njia ya masikio haikuguswa. Ndiyo maana kwenye simu mimi ni mimi.

Nimeuliza mimi niko wapi kwenye picha hiyo. Miaka yote ya ndoa, iko sehemu gani. Alitaka kucheka, akaona uso wangu, akaacha.

"Mama, hii picha inaonyesha nyama. Kile mtu anahisi, haionyeshi. Hata sisi hatujui vile nyama inageuka kuwa mapenzi."

Amesoma miaka mingi kuja kuniambia hivyo. Nimempenda kwa kutodanganya.

Jumatano, 12 Machi

Mama mkwe amefika kutoka Bungoma na kuku. Mwanawe hakungoja hata aketi. Akamwambia huyu si Mwende.

Mimi ni Mkamba wa Kitui, na kwao Mkamba akitajwa pamoja na mambo ya kichwa, basi ni uchawi, kesi imeisha. Hakunifokea. Alikataa tu chai yangu. Nilipotoka kununua makaa akapekua chini ya godoro akitafuta dawa za kwetu. Akapata soksi moja na risiti za stima.

Nimempa ile picha ya hospitali. Nimemweleza vyote, moto na njia. Akasikiliza. Mama huyu si mjinga. Akauliza swali moja.

"Kama ni ugonjwa, mbona mimi ananijua?"

Jibu ninalo. Daktari alisema huwa unamchagua aliye karibu kabisa na moyo. Sasa nitamwambiaje mama aliyemzaa kwamba hakuguswa kwa sababu yeye si wa karibu zaidi? Nimenyamaza. Akauchukua ule unyamavu kuwa nimekiri.

Jumamosi, 15 Machi

Nimejaribu pazia. Shuka letu la kutenga kitanda na sebule. Nimejificha nyuma yake kabla hajatoka bafuni, nikamwita. Akafurahi! Nikamwambia nina homa, asifungue, nitamwambukiza. Tukaongea. Akanikumbusha siku aliyoniuzia kiti kibovu Kawangware akanifuata wiki nzima kukitengeneza. Kila siku anakaza msumari huohuo. Tulicheka, hata mama yake akacheka huko mekoni.

Tamaa ikaniingia. Nikawaza, sauti na uso vikikutana palepale, labda moto utawaka wenyewe. Nikavuta pazia huku naendelea kuongea.

Aliangalia mdomo wangu. Akaangalia nyuma yangu, kitandani, akimtafuta. Kisha akashika stuli.

"Umemfanyia nini?"

Mama mkwe aliingia katikati yetu. Wafula hakunipiga. Lakini nimeona jinsi mume wangu angemuua mtu kwa ajili yangu, na mtu huyo ni mimi.

Jumapili, 16 Machi

Sikwenda kanisani. Mama mkwe ameamua anampeleka mwanawe nyumbani Bungoma. Sina nguvu za kubisha. Nani atashuhudia upande wangu?

Nina wivu. Niandike tu, hakuna anayesoma. Namwonea wivu Mwende. Anapendwa kupita kiasi, na hafui hata nguo. Mimi ndiye ninayefua.

Jumatano, 19 Machi

Wameondoka. Nilibeba begi hadi kituo. Wafula alijua mimi ni yule mama wa kufanana, akaniacha nibebe. Nilimwonyesha mama mkwe dawa za asubuhi na za jioni. Alinishika mkono kidogo.

"Sikuchukii, mama. Lakini huyu ni mtoto wangu."

Na mimi ni nani wake? Sikuuliza. Basi lilikuwa linajaa.

Alhamisi, 10 Aprili

Niko Kawangware, kituo cha 46, kwa dada yangu Kavata. Nyumba ya Gatwekera nimeirudisha kwa mwenyewe. Mvua imenyesha tangu mchana.

Wafula amepiga simu jioni, kama kawaida. Wamepanda mahindi. Mguu unauma kukiwa na baridi. Akauliza nitakuja lini, nikasema bado. Ataniona, na nitampoteza tena. Afadhali hivi.

Kisha akasema kuna jambo linamsumbua. Yule mama aliyekuwa kwa nyumba. Yeye Wafula alimtishia kwa stuli, na mama huyo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anampikia. Alimbebea hata begi. Akasema nikipatana naye huko Nairobi nimwambie pole. Na asante.

Nikasema nitamwambia.