Sabuni ya Mche

Pasiansi, Mwanza
14 Septemba 1975

Dada yangu mpendwa Leonsia,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta una nguvu, na kwamba goti limepata nafuu tangu uache kupanda kilima na ndoo. Mimi na mke wangu Immaculata hatujambo, ila vumbi la kiangazi linatukohoza.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Umesema mbuni wa mama umeng'olewa kupisha zahanati ya kijiji, na kwamba hukulia mbele ya watu. Ulilia ulipofika jikoni. Umeniomba mche wa kahawa uliotokana na ule mbuni wake mwingine, ulio uani kwangu, uupande vuli hii. Miche ninayo sita. Ilikuwa kumi na mmoja.

Niliiweka kwenye makopo juu ya meza, ndani ya banda la matete, ivumilie kiangazi. Julai wakatokea wadudu weupe, laini kama unga, wamejibanza chini ya majani. Majani yakanata, yakajikunja. Sisimizi nao wakawa wanapanda na kushuka kutwa, nami nikafurahi nikidhani wanawala wale weupe. Nikawaita mgambo wangu, nikamkataza Immaculata kuwafagia. Mche mmoja ukafa, kisha wa pili, mpaka mitano.

Jirani yetu Luhaga, Msukuma aliyekulia machungani, alikuja kuazima reki, akainama kutazama, akacheka mpaka akashika meza. Alisema sisi Wahaya tumezidi kusoma; hao si mgambo, ni wachungaji. Akanionyesha sisimizi akimpapasa mdudu mweupe mpaka mdudu akatoa tone tamu, sisimizi akalinywa. Wanakamua ng'ombe wao shambani kwako, mzee, akasema, nawe unawalinda!

Tukasimamisha miguu ya meza ndani ya makopo ya maji yenye mafuta ya taa kidogo, sisimizi wasipande. Kisha kila asubuhi nikawa nafuta majani, moja moja, kwa kitambaa na maji ya sabuni. Unajua sabuni ilivyo adimu. Immaculata alinuna kwa kipande chake, halafu akacheka mwenyewe, akasema kumbe ndiyo maana inaitwa sabuni ya mche. Wiki ya tatu sasa sijaona mdudu.

Dada, uani kwangu hakuna mbuni mkubwa. Haukuwahi kuwapo. Mwaka 1952, nilipokuja huku kutafuta ukarani, mama alinifungia kahawa kwenye jani la mgomba, akasema nikapande ili huku nako niwe na kwetu. Kwa haraka yake alichukua zile za kutafuna, zilizokwisha kuchemshwa. Nilizimwagilia miezi minne, hazikuota. Sikuthubutu kumwambia kwamba alikosea. Kila Krismasi akiuliza kama mbuni wake haujambo, nilimjibu haujambo, umezaa. Miaka ishirini na miwili.

Mwaka jana, siku ya maziko yake, mlipokuwa mnapika, nilikwenda nyuma ya nyumba nikachuma kiganja kimoja cha kahawa mbivu kwenye mbuni wake, nikazitia mfukoni kama mwizi. Ndiyo miche hii.

Binti yangu Jovitha anakuletea mitano kwa meli ya Alhamisi; mmoja nimebaki nao. Ifute majani chini, si juu tu. Na ukifika kaburini, mwambie mama mbuni wake haujambo. Safari hii ni kweli.

Wote walio hapo jikoni wape mkono wangu. Nisamehe.

Mdogo wako,
Longino Kahigwa