Jina langu chini ya karatasi ile

Jabe, Bujumbura, siku ya Ijumaa

Mama yangu mupenzi,

Asalamu alaykum. Naomba Mungu barua hii ikukute umekaa vizuri na ule muguu umepungua kuvimba. Dawa nilizomupa shoferi wa gari ya Rumonge zilifika? Unakunywa kweli, ao unawagawia majirani? Sisi huku miili yetu ni mizima. Sumaya sasa anatembea, meno yamekuwa sita, na akisikia adhana anaweka mikono masikioni kama muzee. Ungemuona ungecheka.

Naandika kwa sababu haya si maneno ya simu. Simu yenu ikilia, nyumba nzima inasikiliza.

Unajua nafagia kwenye ile shule kubwa ya wauguzi. Pale kila mwanafunzi, siku ya kuingia, anaweka saini kwenye karatasi ya kiapo kwamba hataiba mutihani. Akivunja kiapo wanamuita mbele ya baraza la walimu, wanamusikiliza, kisha wanakata neno. Mi nilikuwa napita tu na ndoo yangu, hayo mambo hayanihusu, mpaka wiki mbili zilizopita.

Siku ya mutihani nilikuwa nasafisha vyoo vya wasichana. Nyuma ya pipa la maji nikakuta karatasi nne zimekunjwa, maandishi madogo kama chawa. Nikazipeleka kwa sekreteri kama tulivyoambiwa. Akaniuliza nani alipita pale. Nikasema wasichana wengi, majina siyajui, isipokuwa Goreti, binti mumoja anayetoka kule Ruziba, kwa sababu alikanyaga sakafu yangu ikiwa bado na maji. Nilimuambia, "We dada, huoni napangusa?" Akanijibu, "Si ndiyo kazi yako? Pangusa tena." Ndiyo hayo tu niliyosema.

Mi nasema Kiswahili, sekreteri anaandika Kifaransa. Akanigeuzia karatasi: "Mama Sumaya, sinya hapa." Nitakuambia ukweli, Mama, nilifurahi. Tangu nifike mujini hakuna mutu aliyewahi kutaka jina langu kwenye karatasi. Nikaandika lote, langu na la baba, pole pole, na mukia chini kama ulivyonifundisha. Sikumuomba anisomee.

Jumatano ya wiki iliyopita wakaniita barazani. Walimu watano nyuma ya meza ndefu, Goreti amesimama peke yake. Baba yake, mukulima, walimuacha kwenye korido ameshika kofia. Sekreteri akasoma. Kifaransa changu ni cha sokoni tu, unakijua. Nikasikia jina langu, nikatikisa kichwa kukubali. Goreti akanigeukia, uso umekauka.

"Mama Sumaya, uliniona mi natoa karatasi kwenye soksi?"

"Nani amesema?"

"Wewe. Ndivyo anavyosoma."

Nikasimama. "Apana! Mi sikusema soksi. Mi nilisema maji!"

Wakacheka. Mukubwa wa baraza akainua ile karatasi. "Mama, saini hii ni ya nani?"

"Ni yangu, lakini..."

"Basi kaa."

Mwalimu mumoja tu, Madamu Bernadeta, alisema huyu mama asomewe upya kwa Kiswahili. Wakamuambia kesi zingine zinangoja. Wakaandika kura kwenye vikaratasi, wakavitia kwenye sahani ya vikombe, wakavifungua. Afukuzwe. Mwaka wa mwisho, Mama, ilibaki miezi tu amalize.

Nilitoka wa kwanza. Baba yake akaniuliza mimi: "Wamesema nini, mwanangu?" Nikapita.

Sijui kama Goreti aliiba. Labda aliiba. Hata simupendi. Lakini amefukuzwa kwa macho yangu, na macho yangu hayakuona kitu.

Juzi yule baba akaulizia huku Jabe mpaka akafika mulangoni kwangu. Nikajua amekuja kunilaani. Nikamugeuzia ndoo akakaa, Sumaya akamushika goti. Akasema, "Mi sikulaumu. Niambie tu, uliona ao hukuona?"

"Sikuona, Baba."

"Basi nenda ukaseme tena."

Na inawezekana. Madamu amenieleza kwamba mwanafunzi anaruhusiwa kukata rufaa, na Jumatatu watakaa wakubwa wengine. Jana saa ya chakula nilikaa naye. Nikasema kwa Kiswahili, akaandika Kifaransa, akanirudishia neno kwa neno, nikamuambia arudie tena, ndipo nikasinya. Akacheka: "Mama Sumaya, sasa umekuwa avoka, wakili kabisa."

Shefu wetu wa usafi amesikia. Hakunikaripia, na bora angenikaripia. Alisema taratibu, "Karatasi ya ofisi haigeuki. Ukigeuka wewe, Jumanne usije kushika fagio." Na chumba hiki na maziwa ya Sumaya vyote vimeshikwa na fagio ile. Baba Sumaya tangu avuke ziwa kwenda Kalemie hajapiga simu. Nilimuangalia mutoto anacheza na kifuniko cha sufuria, nikawaza, siku moja na yeye atasimama peke yake mbele ya meza ya watu, na neno lake litakuwa mudomoni mwa mutu asiyemupenda. Nitaenda, Mama. Madamu anasema kati ya wale wakubwa wawili ni watoto wa Buyenzi, Kiswahili ni chao. Matumaini yangu nimeyaweka kwa hao wawili.

Nisalimie mjomba fundi wa baiskeli, shangazi muuza mawese, na mudogo wangu Hadija. Muambie akubebee maji, huo muguu uupumzishe.

Neno la mwisho. Wiki ijayo ukituona tunashuka kwenye gari na mabeseni yetu, usiniulize mbele ya majirani nimefanya nini. Mupokee kwanza Sumaya, safari inamuchosha. Mi nitakueleza tukiwa ndani, na sitaona aibu. Na tusipoonekana, ujue walinisikia.

Ni mimi binti yako, ninayekutaja kila nikiswali,

Zaina, Mama Sumaya