Neno la Kuachia Lukago

Mdogo wangu Anastazia,

Marahaba. Naitikia mapema kwa sababu nakufahamu: hata bahasha hujaifungua, umeshaniamkia. Hujambo wewe? Baba na macho yake wanaendeleaje? Watoto wanahudhuria shule, au wanahudhuria mahindi mabichi ya jirani? Mimi mwili ni mzima, ila baridi ya huku ng'ambo ya bahari inanifanya nivae soksi juu ya soksi na bado natembea kama kuku aliyenyeshewa. Chuoni wananiita mzee. Yule anayetufundisha ishara za treni, nadhani nilikuwa nimeshapanga foleni ya mshahara pale stesheni ya Tura kabla mama yake hajafikiria kuolewa.

Barua yako ilifika zamani kidogo, na si kweli kwamba nilikosa stempu. Nimekaa nayo. Ulieleza kwamba baba haoni tena vizuri kuchimba mizizi, na anataka kumchanja mtu lukago yake, ile chanjo ya kurithisha uganga, kabla ya mvua, ili dawa ya nyoka isiondoke naye. Wewe uko tayari. Lakini hatakugusa mpaka mimi mtoto wa kwanza niseme nimeachia, na shangazi asikie. Ukaongeza kwamba daktari wa wilaya amekuonya: mhudumu wa zahanati hawezi tena kuwa mganga wa nyoka, achague moja. Ukanieleza na habari ya yule mama aliyeumwa kwenye shamba la tumbaku la kijiji, friji ya zahanati imekufa, sindano hakuna, ukabaki na bendeji mkononi mpaka baba alipoletwa kwenye keria ya baiskeli. Mwisho ukaniuliza, "Kaka, kweli mtu hawezi kuwa viwili?"

Sasa nikueleze jinsi ninavyozitumia Jumamosi zangu, na usimwambie padri.

Kuna mwenzangu wa karakana, Colin, mrefu kama nguzo ya simu. Alinikuta nakula peke yangu akasema wamepungukiwa mtu mmoja mezani. Nikadhani karata. Nilipofika nikakuta karatasi, penseli, na dadu za ajabu, nyingine zina pande nyingi hata hujui ipi ni juu. Hakuna ubao, hakuna kete. Colin anasimulia tu: mko pangoni, mbele kuna mto mweusi, mnafanya nini? Kila mmoja ana mtu wake wa kubuni, kamwandika kwenye karatasi, nguvu zake na kazi yake. Unasema mtu wako anafanya nini, unarusha dadu, Colin anakuambia kama amefaulu au ameliwa. Hao ni watu wazima, Anastazia, wana ndevu. Maureen anayetupakulia chakula kantini ana wajukuu, lakini pale mezani ni mwizi hodari, hakuna kufuli linalomshinda.

Basi Colin akaniuliza mtu wangu awe na kazi gani: mpiga upanga, au mwenye maneno ya uganga?

"Vyote viwili," nikasema.

Wakatazamana kama watu waliosikia mgeni akiomba chai na pombe kikombe kimoja.

"Inaruhusiwa," Colin akasema, "lakini utajuta. Alama zako zitagawanywa. Wenzako watapanda ngazi, wewe utabaki chini unafunga viatu. Na ukivaa chuma, uganga haufanyi kazi."

"Nani kasema?"

"Kitabu."

"Aliyekiandika hakumjua babu yangu."

Wakataka kumjua. Nikawaambia jinsi babu alivyobeba pembe ya ndovu kutoka Tabora hadi pwani, mpagazi kama wapagazi wengine, naye akiwa mganga wa nyoka wa msafara. Pembe yake ilikuwa nzito kama za wenzake. Kibuyu cha dawa alikitundika juu yake. Wenzake wakitua mizigo na kuwasha moto, yeye ndiyo kwanza anaitwa huku na huku: huyu kakanyaga kifutu, yule kaumwa akikata kuni.

Maureen akaniangalia juu ya miwani. "Basi huyo hakugawanyiwa alama, mpenzi. Aliongezewa mzigo." (Usishtuke, huku hata anayekuuzia mkate anakuita mpenzi.)

Nilicheka, kumbe lilikuwa neno la kukaa nalo. Mtu wangu nikamwita Mpagazi; jinsi wanavyolitamka jina hilo nakuachia ukisie. Nikamvika chuma, nikampa upanga na ngao, na maneno machache ya dawa. Tangu siku hiyo nimekuwa mzigo wa kundi. Upanga wangu unakata hewa, na uganga wangu wote ni kuwasha mshumaa na neno moja la kuondoa sumu. Lakini nisikufiche, nilikuwa na furaha. Nilikuwa narudi chumbani nikitembea kama mtu mwenye vyeo viwili.

Jumamosi iliyopita yule mwizi wa Maureen aliingiza mkono kwenye tundu la ukuta, akaumwa na nyoka. Wote wakanigeukia. Neno la kuondoa sumu ninalo mimi peke yangu. Lakini nimevaa chuma, ngao mkono huu na upanga mkono huu, na huko gizani tunalisikia dude kubwa linakuja.

"Mpagazi anaweka nini chini?" Colin akauliza, akapindua kichupa cha mchanga anachotupimia muda.

Mimi unanijua. Badala ya kujibu nikaanza hotuba. Nikawaambia kitabu chao kina kasoro. Nikawaambia kwetu mwindaji asiye na dawa si mwindaji, ni mtu anayetembea na mkuki. Nikamtaja babu tena, na pembe yake.

"Kalisti," Colin akanikatiza, kwa upole kabisa, "sikuuliza kama inawezekana. Nimeuliza unaweka nini chini."

Nikatazama chini, mchanga ulikuwa umekwisha, na mwizi pamoja nao.

Maureen alichukua karatasi ya mwizi wake, aliyekuwa naye tangu walipoanza mchezo ule, akaikunja vizuri, akaitia kwenye pipa la taka. "Haidhuru," akasema, "ni mchezo tu." Akaenda kuchemsha maji ya chai, akakaa jikoni muda mrefu kuliko chai inavyohitaji. Hakuna aliyenilaumu. Ingekuwa kwetu ningetukanwa vizuri, nikalala usingizi.

Njiani nilitaka kujicheka, mzee mzima kuhuzunikia mtu wa karatasi. Kicheko hakikuja, kwa sababu nilikuwa naifikiria barua yako iliyokuwa chini ya mto wangu.

Ukweli, Anastazia, naitaka lukago ile. Nilipomaliza shule baba aliniita, na mimi nilikuwa nimeshapata nafasi ya reli. Nikamwambia nitaipokea likizo ya kwanza. Akasema, "Nitakushikia." Likizo ikaja nikasema ijayo, mara nina uhamisho, mara mtoto mgonjwa, mara vijiji vinahamishwa hakuna utulivu. Hakunisukuma hata siku moja. Nami kichwani mwangu nilikuwa nimeshajipangia: nitastaafu, nitakaa kijijini kwetu Ntalikwa na kofia yangu ya reli kichwani na kibuyu mlangoni, watu wapite waseme yule ana vyote viwili. Nilikuwa na vyote bila kuwahi kutua kimoja wala kubeba kingine. Aliyebeba ni baba, mpaka macho yamechoka.

Kwa hiyo swali lako nakujibu hivi: mtu anaweza kuwa viwili, ila si nusu na nusu. Ni mizigo miwili mizima juu ya kichwa kimoja. Mchana wa zahanati utakuwa wa zahanati. Kibuyu kikae nyumbani kwako, kisitundikwe kliniki kumchokoza daktari. Aliyeumwa mfunge kama ulivyofundishwa, mwite dereva wa trekta la kijiji ampeleke hospitali Tabora, na njia nzima mpe ulichopewa na baba. Ukiulizwa, usifiche. Mwambie daktari alete sindano na friji nzima. Siku atakapovileta utavitumia kwanza, kibuyu kitapumzika. Utachoka. Kuna jioni utanilaani. Lakini mimi ninayetengeneza taa za treni ng'ambo ya bahari siwezi kuchanjwa kwa posta, na masomo yangu yatavuka mvua hizi na zijazo.

Sasa mwite shangazi, na asikae karibu na moto akasinzia. Haya yanayofuata msomee baba kwa sauti, polepole, usiruke neno kwa kunionea huruma.

Baba, shikamoo. Ni Kalisti, mtoto wako wa kwanza. Lukago uliyonishikia, nimeiachia. Siiachii kwa dharau, wala kwa sababu ya ubatizo, wala kwa ajili ya reli. Naiachia kwa sababu mtu wa kuipokea amekaa mbele yako, na mimi siko. Mchanje Anastazia mikono yote miwili, umwonyeshe mizizi ungali unaiona. Nikirudi sitaidai. Nikiumwa na nyoka nitakwenda kwake kama mgonjwa mwingine, nikae kwenye benchi, nisubiri zamu. Shangazi, umesikia.

Basi, yameisha.

Nisalimie shangazi huyohuyo, umwambie miwani yake naitafuta. Nisalimie shemeji, mume wako, na cherehani yake ya mtaa wa Ng'ambo pale Tabora. Suruali aliyonishonea ndiyo wanayoisifu hapa, ingawa nadhani wanaisifu upana. Wifi yako nimemwandikia ya kwake, lakini mpitie, maana husema barua zangu zina maneno mengi kama za mwenyekiti wa kijiji. Watoto wote wabusu, na yule mwenye mahindi umvute sikio kidogo kwa niaba yangu.

Mistari ya baba niliiandika kwanza kwenye karatasi nyingine, nikaisoma, nikaenda kunawa uso, ndipo nikainakili hapa. Kwa hiyo ukiona mwandiko umenyooka, usiseme kaka hakuumia.

Ni mimi kaka yako, fundi wa reli basi,

Kalisti